Zana ya Kufundishia

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu watarajiwa kwamba hakuna zana bora kuliko kitu halisi. Mwanachuo akitaka kufundisha sehemu za ua, asichore ua ubaoni ilhali nje ya dirisha mawaridi yamechanua. Akitaka kufundisha habari za moyo, aende kwa muuza nyama akaombe moyo wa mbuzi. Picha ni ya pili, mchoro ni wa tatu, na maneno matupu ndiyo ya mwisho kabisa. Niliyasema hayo mpaka wanachuo wakanipa lakabu ya "Kitu Halisi", na nadhani hata leo wapo walimu wakuu huko mikoani wanaonikumbuka kwa jina hilo kuliko nililopewa na wazazi. Lakini kwa muda wote huo haikunipitikia kwamba siku moja mimi mwenyewe nitawekwa mbele ya darasa, pua juu na koo wazi, niwe zana.

Darasa lenyewe lilikuwa Muhimbili, katika Idara ya Masikio, Pua na Koo, mwaka 1922 wa kale wa wazee wangu ukiwa umeshapita karne nzima: ulikuwa mwaka 2022, nami nilikuwa na umri wa miaka 74.

Sina budi kusema kwanza machache juu ya sauti. Mwalimu wa kizazi changu hakuwa na chombo kingine. Nilianza kazi mwaka 1970 katika shule ya msingi, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na hasa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977, watoto walimiminika shuleni kama kumbikumbi baada ya mvua. Niliwahi kuwa na darasa la watoto 112. Nusu yao walikaa ndani na nusu walikaa barazani, nami nilisimama mlangoni ili wote wanisikie. Asubuhi sauti ilikuwa nzima, saa sita mchana ilikuwa imekatika, na jioni mama watoto alipata mnong'ono tu. Tulikuwa tukiuita ugonjwa wa chaki, tukitafuna tangawizi, na kesho yake tunapiga kelele tena. Baadaye nikawa mkufunzi, na miaka kumi na mitatu ya mwisho nikawa mkuu wa chuo cha ualimu. Huko nako mkuu hupimwa kwa sauti yake kwenye gwaride la asubuhi.

Basi sauti yangu ilipoanza kukwaruza mwanzoni mwa mwaka 2022, nyumbani hakuna aliyeshtuka. Mzee amechoka, walisema, amefundisha mno. Nilipewa asali na ndimu. Jirani yangu akaniletea majani ya mwarobaini. Zahanati moja nisiyotaka kuitaja ilinipa vidonge vya kuua vijidudu mara tatu kwa miezi mitatu, na katika mara zote hizo hakuna mtu aliyenimulika kooni hata kwa tochi ya simu. Mara ya tatu mhudumu aliandika dawa kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Aliyeniokoa ni binti yangu wa tatu, ambaye ni muuguzi huko Morogoro. Aliponisikia kwenye simu alidhani ni mtu mwingine aliyepokea. Nilipomweleza tangu lini, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, inatazamwa. Haitibiwi kwa kubahatisha." Wiki iliyofuata nilikuwa katika hospitali ya mkoa, na kutoka huko nikapewa barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam.

Muhimbili ninaifahamu tangu zamani, kama Watanzania wengi, kwa njia ya kusindikiza wagonjwa. Ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya kufundishia madaktari papo hapo. Shule hiyo ikawa kitivo cha Chuo Kikuu, kisha chuo kikuu kishiriki, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili cha sayansi za afya. Kwa hiyo anayekwenda kutibiwa pale huwa ameingia pia shuleni, hata kama hajui. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa faraja. Nimezoea harufu ya shule.

Nilikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Ukitaka kuijua idara, kaa kwenye benchi lake. Pembeni yangu palikuwa na mama mwenye mtoto ambaye sikio lake limetoa usaha kwa miaka miwili, na amechomekewa pamba. Mbele yetu alikuwepo mwanamume mwenye tezi la shingo, lile ambalo wazee huliita rovu, limejaa kama embe dodo. Kulikuwa na kijana wa kiwanda cha vyuma ambaye alijibu kila swali kwa "Eeh?" Mara mlango ukafunguliwa kwa pupa, akaingizwa mtoto wa miaka mitatu aliyesukumia puani kile kibetri cha duara cha saa, nasi sote tukasogea kumpisha bila kuambiwa. Baadaye niliuliza haraka ile ilikuwa ya nini, kwa kuwa harage likiingia puani husubiri foleni. Nikaelezwa kwamba harage linavimba tu, lakini kibetri kile kikikaa mahali penye unyevu huunguza nyama ya mwili, na saa mbili zinatosha kuleta madhara makubwa. Tangu siku hiyo vibetri vya kwangu vimefungiwa kabatini, wajukuu wasivione.

Palikuwa pia na bibi kutoka Mkuranga aliyemleta mjukuu aliyekatwa kimeo. Nadhani msomaji anaijua desturi hii. Mtoto akikohoa muda mrefu, husemwa kimeo kimekuwa kirefu na kinamkera koo, basi hupelekwa kwa fundi akakatwe. Kikohozi chenyewe aghalabu hutokana na mapafu, ama pumu, ama kifua kikuu, na kimeo hakina hatia yoyote. Mtoto yule alikuwa ametoka damu usiku kucha. Sikusikia bibi akikaripiwa, na hilo nililipenda. Muuguzi alimwambia, "Bibi, umefanya vema kumleta," halafu akamchukua mtoto.

Zamu yangu ilipofika nilikuta chumba kimejaa vijana wa makoti meupe. Profesa alikuwa mwanamama wa makamo, mfupi, miwani imeshushwa puani. "Shikamoo, mwalimu," akasema, maana alikuwa ameshasoma faili. "Hawa ni wanafunzi wangu, na hawa wawili ni madaktari wanaosomea ubingwa. Utaturuhusu tujifunze kwako? Ukikataa wanatoka, na matibabu yako hayapungui."

"Marahaba," nikamjibu kwa ile sauti yangu ya mlango mbovu. "Mimi kufukuza wanafunzi siwezi. Waacheni."

Nilipuliziwa dawa ya ganzi puani, chungu kama shubiri, kisha ukapitishwa mrija mweusi laini, mwembamba kuliko mrija wa soda, wenye kamera na taa mwishoni. Ulipita puani, ukageuka nyuma ya kimeo, ukashuka. Hakuna maumivu, ila macho hutoka machozi. Nikaambiwa niangalie kioo cha televisheni kilichokuwa ukutani, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nikaona chombo nilichokifanyia kazi miaka yote: nyuzi mbili nyeupe kama lulu, zimekutana upande mmoja na kuachana upande mwingine, mfano wa herufi V iliyopinduliwa. Nilipovuta pumzi ziliachana. Nilipoambiwa niseme "iiii" zilikimbiliana na kutetemeka. Sauti ya mwanamume anapozungumza hutokana na nyuzi hizo kugongana mara 100 na zaidi kwa kila sekunde, na ya mwanamke mara 200 hivi. Nikawaza wale watoto 112 na miaka ile, nikashangaa kwamba zimebaki.

Lakini uzi wa kushoto ulikuwa na kitu. Kilikuwa cheupe, chenye ukurutu, kama tone la uji lililokaukia kwenye sufuria.

"Mgonjwa ni mwalimu mstaafu," profesa akaanza. "Ana miaka 74. Sauti imekwaruza miezi minne. Mnafikiri nini?"

Kijana mmoja wa mbele akajibu upesi, "Vinundu vya sauti, Profesa. Kwa sababu ni mwalimu."

Nilimpenda kijana yule, maana hata mimi ningejibu vivyo hivyo. Profesa hakumwambia amekosa. Akamuuliza, "Vinundu hukaa wapi?"

"Pande zote mbili. Vinatazamana."

"Na hiki?"

Kimya. Hapa naomba niseme jambo la kitaaluma. Kosa kubwa la mwalimu mgeni ni kuuliza swali na kulijibu mwenyewe baada ya sekunde moja. Katika mazoezi ya kufundisha nilikuwa nakaa nyuma ya darasa na kuhesabu kimoyomoyo, na wengi hawakufika tatu. Profesa huyu nilimhesabia hadi saba, mrija ukiwa bado puani mwangu. Ndipo binti mmoja wa nyuma akasema, "Kiko upande mmoja tu."

"Vizuri. Na kwa mgonjwa wa umri huu, upande mmoja unatufanya tufikirie nini?"

Hakuna aliyejibu, na safari hii si kwa kutojua. Nimeishi na wanafunzi muda mrefu. Natambua kimya cha asiyejua jibu na kimya cha anayeogopa kulitamka. Basi nikajua mimi kabla hawajasema.

Profesa akauchomoa mrija polepole, akavuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yetu yakakaribiana, akawaacha wanafunzi wasimame. "Mwalimu," akasema, "umetusikia. Sitaki ukae na neno ambalo hatukulimalizia. Hicho kinaweza kuwa ukurutu tu wa uzi uliochoka. Kinaweza kuwa saratani inayoanza. Kwa macho hatuwezi kutofautisha. Tutachukua kipande, tupeleke maabara." Akaniuliza kama nilivuta sigara. Nikasema sijavuta. Akasema wengi wanaopata saratani ya mahali hapo ni wavutaji, lakini wasiovuta nao wamo, hivyo jibu langu lilikuwa zuri ila halikutosha.

Kama ningekuwa na ile fomu yetu ya tathmini ningempa alama ya juu. Ningemkata kidogo mahali pamoja: vijana watatu wa nyuma walikuwa wafupi na hawakuiona televisheni.

Usiku ule, nikiwa kwa mwanangu Tabata, sikulala sana, nikawa namfikiria mwalimu mwenzangu wa kale. Mtu wa kwanza kujulikana sana kwa kuziona nyuzi za sauti za binadamu hai zikifanya kazi hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania, Manuel Garcia, aliyefundisha London. Mwaka 1854, akiwa Paris, alinunua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza kinywani mwake, akakitupia mwanga wa jua kwa kioo kingine cha mkononi, akaona. Mwaka uliofuata habari zake zikasomwa mbele ya wanasayansi wa Royal Society. Aliishi miaka 101, hata akafariki mwaka 1906. Alichotaka ni kujua tu kile alichokuwa akifundisha kinatendaje kazi. Madaktari ndio waliokifanya kioo kile kuwa chombo cha tiba. Huwa nafurahi sana jambo kubwa linapotokea mikononi mwa mwalimu.

Siku ya upasuaji nilielezwa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Katika upasuaji mwingine mpasuaji ana tumbo lake au mguu wake, na daktari wa usingizi ana kichwa na pumzi. Kila mtu na shamba lake. Katika koo wote wawili wanataka tundu lile lile. Daktari wa usingizi lazima apitishe mpira wa hewa hapo hapo ambapo mpasuaji anataka kufanyia kazi, na nafasi yenyewe haitoshi ncha ya kidole. Hivyo wanapeana zamu na wanazungumza muda wote. Nikaambiwa pia kwamba chuma kitakachopitishwa kinywani kinaweza kugusa meno, nikaulizwa kama nina jino linalocheza. Ninalo moja. Lilisalimika.

Kazi yenyewe hufanywa kwa darubini, kwa vyombo virefu vyembamba ambavyo mmoja wa wale waliokuwa wakisomea ubingwa alinionyesha kesho yake kwa fahari ya fundi saa. Makasi yake yana mdomo mdogo kama wa ndege chozi. Alinieleza kwamba wanajifunza miaka kadhaa kabla ya kuachiwa peke yao, na kwamba mkono hauzoei upesi, maana ukitazama kwenye darubini kutetemeka kidogo kwa kidole huonekana kama tetemeko la ardhi.

Nikaamriwa kunyamaza siku kadhaa. Si kunong'ona, kunyamaza. Walisema kunong'ona kwa nguvu nako huzichosha nyuzi. Mke wangu alininunulia daftari la mistari, na ndani ya daftari hilo, ambalo bado ninalo, kuna upande mmoja tu wa mazungumzo yetu: "Chumvi." "Sijasema hivyo." "Mwambie nitampigia wiki ijayo." "Usilie." Yeye alijibu kwa mdomo, hivyo majibu yake hayamo. Miaka hamsini ya ndoa nilikuwa ninazungumza mimi na kuandika yeye, maana yeye alikuwa karani. Sasa tukabadilishana.

Wodini, kitanda cha jirani, alikuwepo mzee wa Lindi, mvuvi, aliyeondolewa koo la sauti lote. Alikuwa anapumua kwa tundu chini ya shingo, kitambaa cheupe kimefunikwa juu yake. Upasuaji huo si mgeni duniani. Theodor Billroth aliufanya Vienna siku ya mwisho ya mwaka 1873. Mzee yule na mimi tulikuwa mabubu wawili, mmoja wa muda na mwingine wa kudumu, tukasalimiana kwa mikono kila asubuhi. Yeye hakujua kuandika. Aliomba kila kitu kwa ishara, na alipotaka kusema habari za bahari alichora mawimbi hewani kwa kiganja, nami nilimwelewa. Wauguzi walimfundisha kusafisha tundu lake mwenyewe kwa kioo, na nilimwona akifanya hivyo kwa uangalifu wa mtu anayeziba mtumbwi. Alikuja akiwa amechelewa. Miezi tisa alikuwa akipewa dawa za kifua.

Majibu ya maabara yalichukua wiki mbili na siku. Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa changa, kwenye uzi mmoja, na uzi wenyewe ulikuwa bado unatembea. Hayo maneno mawili ya mwisho, "bado unatembea", profesa aliyarudia mara mbili. Akanieleza kwamba Mungu ameweka uzi wa sauti mahali penye bahati: uvimbe mdogo tu hubadilisha sauti, hivyo mtu hupata tangazo mapema, kabla ugonjwa haujasambaa. Ukiwahiwa katika hatua ile, zaidi ya watu wanane kati ya kumi hupona. Shida ni kwamba tangazo linatolewa na wenyewe hawasikilizi, au wanaosikiliza wanaandikiwa vidonge. Aliniwekea njia mbili mezani, upasuaji na mionzi, akaniambia faida na hasara ya kila moja, akaniachia siku tatu niongee na mke wangu na watoto. Tulichagua mionzi.

Mionzi hutolewa Ocean Road, pale ufukweni, katika taasisi ya saratani iliyokua katika jengo la hospitali ya Wajerumani la mwaka 1897, ambamo Robert Koch alifanya kazi yake ya malaria. Mambo ya pale sitayaandika kwa urefu, kwa kuwa wapo walioteseka zaidi yangu na wanastahili kuyasema wao. Nilitengenezewa kinyago cha plastiki cha kunishika kichwa nisitikisike, nikaenda siku tano kwa wiki, kwa wiki sita na ushei. Dakika zenyewe ni chache. Mwezi wa kwanza nilijiona shujaa. Baada ya hapo koo liliwaka, ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama sufuria, na nikaishi kwa uji na mtindi. Sauti ilipotea kabisa, kisha ikarudi kidogo kidogo, kama mtu anayerudi nyumbani usiku bila kutaka kuwaamsha watu.

Kliniki za marudio ndizo zilizonifungua macho kuhusu upande wa pili wa idara ile, upande wa masikio. Nilikuwa nafika mapema, na mapema ndiyo saa ya mama wenye watoto wasiosikia. Muhimbili walianza mwaka 2017 kupandikiza kifaa cha kusaidia kusikia ndani ya sikio. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa India. Sikio la ndani lina kijumba mfano wa konokono, chenye mizunguko miwili na nusu. Kwa watoto hawa vinywele vidogo vya ndani ya konokono huyo havifanyi kazi. Mpasuaji huchimba mfupa wa nyuma ya sikio, hupitisha uzi mwembamba wa umeme ndani ya konokono, na mashine ndogo inayovaliwa nje hugeuza sauti kuwa umeme wa kuuamsha mshipa wa fahamu.

Mama mmoja wa Singida, ambaye mtoto wake alikuwa na miaka minne, alinieleza siku kilipowashwa. Watu hufikiri mtoto atacheka. Wake alilia, akajificha chini ya meza, kwa sababu hakujua kitu hicho ni nini. Na hapo ndipo kazi inapoanza: mazoezi ya kusikia na kusema, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, kutofautisha "baba" na "mama", kengele na mlango. Mama huyo alikuwa amehamia kwa dada yake Mbagala ili asikose mazoezi. Alikuwa na daftari ambamo aliandika kila neno jipya la mtoto na tarehe yake. Yalikuwa maneno 61. Hofu yake kubwa ilikuwa kifaa cha nje kuharibika, maana vipuri vyake ni ghali na mume anauza mitumba. Nilimwambia kuwa kwa daftari lile angekuwa mkufunzi mzuri sana. Alidhani natania.

Nilipomsikiliza nilikuwa nawafikiria watoto wa nyuma ya darasa. Katika taarifa za walimu nilizosoma miaka yangu yote, neno "mzito" lilikuwa limeandikwa mbele ya majina mengi mno. Wengine walikuwa na masikio yanayovuja tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 ulimwenguni wanahitaji kusaidiwa kwa sababu ya kupoteza usikivu. Sisi tuna shule ya viziwi ya Tabora tangu mwaka 1963, na ya Buguruni tangu mwaka 1974, nazo zimefanya kazi kubwa. Lakini asiyekuwa kiziwi kamili, yule anayesikia nusu, hana shule yake. Yuko katika darasa la kawaida, karibu na dirisha, na anaitwa mzito.

Nina lalamiko moja, nalo si la madaktari. Mihtasari ya ualimu niliyoitumia ilikuwa na sura nzima juu ya kutengeneza kadi za manila na chati, na vipindi vya kutosha juu ya mwandiko wa ubaoni, lakini haikuwa na hata kipindi kimoja juu ya sauti ya mwalimu wala juu ya sikio la mwanafunzi. Seremala hupewa somo la kutunza msumeno. Na madaktari bingwa wa kazi hii wengi wapo katika miji michache yenye hospitali kubwa, Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na mingineyo, kwa hiyo mtu wa Lindi huanza na dawa za kifua.

Mwaka 2024 nilimwandikia mkuu wa sasa wa chuo nilichokiongoza, nikamwomba saa moja ya wanachuo wa mwaka wa mwisho. Alinipa mbili. Nilikwenda na kipaza sauti cha kuazima, kwa sababu sauti yangu ya sasa inafika safu ya tatu tu, na nikachora nyuzi mbili ubaoni kwa chaki, herufi V iliyopinduliwa. Niliwaambia wanywe maji mara kwa mara, wapige makofi badala ya kupiga kelele wanapotaka darasa litulie, wamweke mbele mtoto anayeuliza "Eeh?", na wakikauka sauti kwa wiki tatu wadai kutazamwa. Binti mmoja akauliza kama maji ya barafu yanaua sauti. Nikamwambia hayaui. Kijana mwingine akauliza kama naweza kuimba bado, maana alisikia kwamba zamani niliimba besi katika kwaya ya chuo.

Nikamwambia nijaribu. Nikashika kipaza sauti nikaimba noti moja, ile ya chini. Ilitoka nusu, yenye hewa nyingi, wakasogeza viti mbele.